Ya Kupita na ya Kubaki

Kiti kilikuwa kimeshavuka mlango kinashuka ngazi, na dada yangu alikuwa bado amekikalia.

Hivyo ndivyo nilivyowakuta. Nimetoka njia ndefu, begi begani, koo limekauka, nasukuma geti la nyumba ya mpwa wangu nikitegemea kuulizwa habari za nitokako, nakutana na kiti cha sofa kinanijia usawa wa uso. Mbele amekishika mwanamume mwenye mabega kama mlango. Nyuma amekishika mume wa mpwa wangu, jasho linamtiririka. Na juu katulia dada yangu, mkoba mapajani, kama abiria aliyewahi dirisha.

"Karibu, mdogo wangu," akaniambia wakinipita. "Pole na safari. Mimi ndiyo natoka."

"Unatoka kwenda wapi?"

"Muulize mkwe. Kiti kinakwenda, na mimi nimo."

Niwaeleze kwanza watu hawa, wenyewe ni wachache. Dada yangu ndiye aliyenilea. Magoti yamemchoka, ulimi bado. Tangu afiwe na mumewe anakaa kwa binti yake wa pekee, fundi cherehani, na kiti kile ndicho anachokalia tangu chai ya asubuhi hadi sala ya kulala. Binti ameolewa na mtunza ghala la vifaa vya ujenzi, mtu mpole, mnyoofu, anayepanga hata vijiko kwa urefu wake. Kila mtu anamwita Stoo, hata mkewe, hata mchungaji akimwombea. Na yule wa mabega ni msukuma mkokoteni, anaitwa Breki kwa sababu mkokoteni wake hauna.

Stoo alikuwa ameamua kiti kiondoke. Shida ni kwamba mkwe hamwambii mama mkwe wake "inuka". Ulimi unakataa. Alikuwa amekizunguka kiti tangu atoke kazini, amekohoa, amefungua dirisha na kulifunga, amesema, "Leo kuna jua zuri nje, mama," na mama akajibu, "Naliona kutoka hapa hapa." Mwisho akaona heshima pekee iliyobaki ni kuvibeba vyote viwili, kiti na mama.

Wakakipandisha mkokotenini. Breki akageuka kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu, na uwanja ule una mteremko. Mkokoteni ukaanza kuondoka wenyewe, taratibu kwanza kama unaotafakari, kisha ukapata imani. Dada akapita geti. Akapita duka la kona, akampungia mkono mwenye duka. Sisi watatu nyuma mbio, begi linanipiga mgongoni, Breki anapiga kelele "Simama! Simama!" kama vile mkokoteni una masikio. Tuliukuta umejikita kwenye lundo la mchanga wa watu wanaojenga. Kiti kimesimama wima. Dada hajaachia mkoba.

"Mkwe," akamwita kwa upole. "Hii ndiyo milele yenyewe, au ni kituo cha katikati?"

Stoo akainamisha kichwa. "Samahani, mama."

"Hakuna neno, nimefurahi. Upepo nao ulikuwa mzuri. Ila nirudishe, mdogo wangu amefika na sijamkaribisha."

Basi kiti kikarudi ndani, kwa muda, kwa heshima ya mgeni.

Nilipoingia na kumsalimia mpwa wangu, sauti yangu ilinirudia kutoka ukutani. Sebule ilikuwa tupu kama darasa siku za likizo. Mpwa alikuwa dirishani na cherehani yake, amebana pini mdomoni, anashona sare za kwaya, na hasira ilikuwa imemshukia mguuni; cherehani ilikuwa inakimbia kama inafukuzwa.

"Karibu, Mjomba, kaa. Sakafu bado ipo. Kesho sijui."

"Mmeibiwa?"

"Heri tungeibiwa. Mwizi ana haraka, anaacha vingine."

Akanieleza. Kanisani kwao alikuja mhubiri mgeni, akahubiri vizuri tu, juu ya kuweka mambo ya Mungu mbele na kuiangalia milele katika kila uamuzi. Mwisho akawaambia kila mtu akirudi nyumbani ajiulize: katika vyote nilivyo navyo, kipi kitapita na kipi kitabaki? Watu wengine walisema amina, wakarudi nyumbani wakala, wakalala. Stoo akatoa chaki.

Maana ghalani kwao mzigo unaotoka hupigwa mstari wa chaki, na unaobaki hupigwa duara. Ndiyo kazi ya mkono wake maisha yote. Akaingia ndani na suti yake ya Jumapili, akaanza. Kabati, mstari. Meza, mstari. Redio, mstari. Kioo cha ukutani, mstari, mpaka mpwa wangu akijitazama anajiona amekatwa katikati. Biblia ilipata duara. Kitabu cha nyimbo alikishika muda mrefu, akakipa nusu duara. Na tangu siku hiyo, kila akitoka kazini, anamwita Breki aje na mkokoteni kuchukua kimoja, viwili.

"Nikamwambia, sawa baba," akasema mpwa. "Jioni nikamtengea sahani tupu, nimeifunika vizuri. Akafunua, akaniangalia. Nikamwambia, chakula nacho ni cha kupita, na cha leo kimeshapita."

"Akasemaje?"

"Akashukuru kwa sala, akalala na njaa! Mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?" Akatoa pini mdomoni, na hapo nikaona kwamba mzaha umekwisha. "Mjomba, tazama hapa."

Ubavuni mwa cherehani kulikuwa na mstari mweupe, umenyooka, wa asubuhi ile.

"Hii ndiyo mikono yangu. Nimemwambia, cherehani ikivuka mlango ule na mimi navuka nayo, na sitabebwa nimekaa kama mama."

"Nimesikia," akasema dada kutoka kitini.

Mimi nimezunguka sana. Shule niliisoma vipande vipande, kila mji kipande, lakini watu nimewasoma. Nimewahi kuona mtu anayegawa vitu vyake kwa ajili ya Mungu. Huwa mwepesi, anapiga mluzi. Stoo hakuwa mwepesi. Alikuwa kama mtu anayekumba maji kwenye nyumba iliyofurika na hataki kutazama bomba lilipopasukia.

Nikatoka nje kumtazama. Breki alikuwa amepakia meza ndogo ya jikoni badala ya kiti, anaanza kusukuma. Stoo akamfuata mpaka getini.

"Breki," akaita.

Breki akageuka. Stoo akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Kuna... kuna na stuli."

Akaenda mbio kuleta stuli.

Stoo alipoileta na kurudi ndani, Breki akanivuta shati. "Mzee, wewe ndiye mjomba wao? Naomba twende wote. Nataka mtu mzima aone kitu kwa macho yake."

Tukaenda, yeye anasukuma, mimi nimeshika stuli. Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha matofali. Akafungua mlango, ukafunguka kiganja kimoja, ukagota. Nikachungulia. Sofa mbili zimepandana, kabati limelala chali juu ya kitanda, viti vimeingizana miguu mpaka darini, na redio iko juu kabisa kama jogoo.

"Unalala wapi?"

"Jana nililala juu ya meza. Juzi nililala ndani ya kabati, lakini nilipoamka nikadhani nimekufa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mzee, unajua kwa nini nimekuita? Kila siku ananiambia, chukua, ni zawadi. Zawadi gani hii isiyokwisha? Mtu huyu ndiye aliyeniita mwizi."

Nikaweka stuli chini, nikaikalia.

Breki alikuwa mpakiaji pale ghalani kwa kina Stoo. Kukapotea katoni za vitasa vya milango. Meneja alipouliza ni nani aliyetoka ndani mwisho, Stoo akamtaja yeye. Wakati wa chai ya asubuhi, wafanyakazi wote wakiwa uwanjani na vikombe vyao, wakamvua begi, wakalimwaga chini: kanga mbili alizomnunulia mama yake, kandambili, kitana. Vitasa havikuonekana, lakini kazi iliisha siku hiyo hiyo. Na kanisani, maana wanasali pamoja, akinamama wakimwona anakuja kukaa huvuta mikoba yao wakaiweka mapajani. Hawamwambii neno. Wanavuta tu.

"Sasa nyumba nzima ya Stoo imo chumbani kwangu," akasema. "Shahidi sina. Siku akigeuka akasema vimepotea, mimi nitajibu nini? Nani ataniamini mara ya pili? Nikikataa kuja ananiita tena, ananilipa safari kabla sijaanza kusukuma. Ananitafutia nini, Mzee? Maana mimi naona ni mtego."

Nikamwambia nitauliza. Akaomba niache alama yoyote kwamba nimefika. Nikamwachia stuli, na neno langu.

Niliporudi jua lilikuwa linashuka. Stoo alikuwa amekaa kwenye sakafu ya sebule, magoti kifuani, chaki mkononi. Mpwa alikuwa bado anashona. Dada alikuwa amefumba macho kitini, usingizi wa mtu asiyetaka kupitwa na neno.

Nikakaa chini mbele yake. "Stoo, mkwe wangu. Breki anadhani unamtega."

"Namtega?"

"Chumba kimejaa vitu vyako. Anasema siku ukitaka utapiga kelele ya mwizi, na atakutwa navyo. Maskini analala kwenye kabati kwa ajili ya wokovu wako."

Kwa kweli hakuwa amefikiria. Mtu anayejua kila msumari wa ghala nzima ulipo, hakuwa amefikiria chumba cha Breki kina ukubwa gani.

"Mimi nataka kumwambia kitu, Mjomba," akasema. "Kila siku namwita nimwambie. Akigeuka, neno linapotea, ninampa kiti."

"Neno gani?"

Cherehani ikasimama.

Akasema akiitazama chaki. Siku chache kabla ya yale mahubiri, rafu ya nyuma pale ghalani iliporomoka. Ilianguka mahali alipokuwa amesimama punde kabla ya hapo. Alikuwa ameitwa kwenye simu, akasogea. Kishindo kikubwa, vumbi mpaka nje. Lilipotulia, akaona nyuma ya rafu, ukutani, zimebanwa katoni za vitasa. Zote. Zilikuwa zimetelezea nyuma siku nyingi, kwa sababu yeye mwenyewe, siku alipozipanga, alizisukuma mno.

"Ukafanya nini?" nikamuuliza.

"Nikazipanga."

"Ulizipanga wapi?"

"Mahali pake. Na nyingine za aina ile. Sikusema kitu." Akaigeuza chaki. "Usiku ule sikulala. Nikasema, Bwana, ningekufa pale, ningekuja kwako nikiwa na neno lile juu ya Breki. Kisha akaja mhubiri, akasema tupange mambo yetu kwa kuiangalia milele. Nikaona maneno hayo ni yangu mimi. Nikaanza kupanga."

"Ukaanza na kabati," akasema mpwa wangu.

Alikuwa ameinuka. Sijawahi kumwona vile. "Stoo. Mimi nilivuta mkoba wangu. Breki alikuja kukaa benchi letu, nikavuta mkoba wangu nikauweka hapa, kwa neno lako. Na wewe ulikuwa umekaa kando yangu unaimba."

"Wakati ule nilikuwa sijui."

"Na Jumapili iliyopita? Ulikuwa hujui?"

Stoo akainamia chaki yake. Ndipo dada akafumbua macho.

"Mkwe wangu mpendwa," akasema, "mhubiri alisema kweli kabisa. Vitu vinapita. Mimi nimezika mume, najua. Lakini umepekua nyumba nzima na chaki yako unatafuta cha kubaki, ukaruka watu. Mimi na magoti yangu mabovu haya nitakuwepo hata jua likizimika. Mkeo atakuwepo. Breki atakuwepo. Kabati halitakuwepo, sasa unahangaika nalo la nini, likae hapa au likae kwa Breki?"

"Nilitaka kuanza na yaliyo rahisi, mama."

"Najua, baba. Hata mimi nikitakiwa kumpigia simu wifi yangu huwa nakumbuka kwanza kuchambua maharage." Akajinyoosha. "Lakini utakutana naye. Usipomwambia hapa, mtakutana kule, na kule hakuna rafu ya kujificha nyuma yake."

Stoo akasema polepole, "Nikisema, kazi imekwenda. Nilificha. Meneja hatanisamehe hilo. Tutakula nini?"

Lilikuwa swali la kweli. Dada naye akaangalia mkoba wake. Aliyejibu ni mpwa. Alikwenda akamnyang'anya chaki mumewe.

"Si ulisema vyote ni vya kupita? Redio yangu ilipita, kioo changu kilipita. Kazi yako yenyewe haipiti?" Akainama, akapiga mstari mrefu kwenye mfuko wa shati lake la kazi. "Haya. Nenda ukaseme. Cherehani inabaki."

Akapangusa vumbi la chaki vidoleni kwenye nguo, akaenda jikoni, na usiku ule tulikula.

Asubuhi Breki alikuja na mkokoteni kama alivyoagizwa. Sisi watatu tulikuwa dirishani, dada ameomba kiti chake kisogezwe. Stoo alisimama getini. Akafungua mdomo. Akaufunga. Mpwa akanong'ona, "Ole wako useme stuli."

Hakusema stuli. Alisema yote kwa pumzi moja, rafu, katoni, ukuta, kunyamaza, mpaka mwisho, na pumzi ilipoisha akashika nguzo ya geti.

Breki akakaa kwenye ukingo wa mkokoteni. Nilidhani atampiga, na kwa mabega yale tungeokota vipande. Hakumpiga. Alitazama mikono yake.

"Begi langu lilimwagwa wapi?" akauliza.

"Uwanjani. Wakati wa chai."

"Wanakunywa saa hizi hizi?"

"Ndiyo."

"Basi twende. Hapa getini wanaokusikia ni kuku tu."

Dada akagonga kioo cha dirisha. "Mnaniacha? Mimi huko nakwenda." Hivyo safari hii alitolewa kwa hiari yake, akapakiwa na kiti chake, jiwe likawekwa kwanza, na tukashuka barabara ya ghalani, Breki anasukuma, Stoo yuko mbele akiushikilia usikimbie, mimi na mpwa nyuma.

Uwanja wa ghala ulikuwa na mifuko ya saruji upande mmoja na mabati upande mwingine, na katikati wapakiaji wamechuchumaa na vikombe vyao, mama wa chai amesimama na birika. Walituona wakaacha kutafuna. Si kila siku mtunza ghala anafika kazini na mama mkwe juu ya mkokoteni.

Stoo akapanda juu ya mifuko miwili. Akasafisha koo.

"Ndugu zangu wapendwa, dunia hii, kama tujuavyo, ni ya kupita, na sisi sote tu wasafiri..."

"Stoo," Breki akamkatiza. "Chai yao inapoa. Sema."

Akasema. Mara hii alisema polepole, na kila neno lilikwenda mpaka mwisho wa uwanja. Kwamba Breki hakuiba. Kwamba aliyezisukuma katoni nyuma ni yeye. Kwamba alizikuta, akajua, akanyamaza. Mama wa chai alisahau birika limeinama, chai ikamwagikia mguu wa mtu, na mtu mwenyewe hakulia.

Meneja alikuwa ametoka ofisini, amesimama mlangoni na kikombe chake. Ni mwanamke mfupi, hapayuki.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu rafu ilipoanguka."

"Na siku ile niliyokuuliza kama kuna hasara, ukaniambia kila kitu kiko mahali pake."

"Ndiyo. Kilikuwa mahali pake. Nilikuwa nimekiweka mimi."

Akanyoosha mkono. "Funguo."

Stoo akafungua mshipi, akavua shada la funguo alilolibeba maisha yake yote ya kazi, akampa. Suruali ilishuka kidogo upande ule. Nilimwona mpwa wangu akifumba macho, kisha akayafumbua.

Breki akageukia wapakiaji. "Mmesikia wote? Na wewe kule nyuma, wa kofia, umesikia? Maana siku ile ulicheka kuliko wote. Ulikiokota kitana changu ukajichania."

"Nimesikia, Breki," akasema wa kofia, akaivua.

"Haya."

Mama wa chai akamletea kikombe, kimejaa mpaka mdomoni, akampa kwa mikono miwili. Breki akakinywa akiwa amesimama, hakuharakisha, na watu wote tulimsubiri anywe. Mpwa wangu akamsogelea. Akavua mkoba wake begani, akamwekea mkononi, "Nishikie, nimfunge mama kamba ya kiatu." Kiatu cha dada hakina kamba. Breki aliushika ule mkoba, macho yake yakajaa machozi.

"Nisamehe, Breki," Stoo akasema. Alikuwa ameshuka kwenye mifuko.

Breki akamwangalia. "Nimekusikia. Kusamehe nitakusamehe, Mungu ameshaniamuru na sina pa kukimbilia. Lakini leo sijafika huko, nisikudanganye. Leo anza kwa kuja kutoa kabati lako kitandani kwangu. Nimechoka."

"Nakuja sasa hivi."

"Na mkokoteni unasukuma wewe."

Basi Stoo akasukuma. Alisukuma vitu vyake kuvirudisha nyumbani siku nzima, kupanda na kushuka, na hakujua kusukuma; alichubuka viganja, sofa ikamwangukia mara mbili. Breki alitembea kando, mikono mfukoni, akimwelekeza, "Kulia. Kulia. Hiyo ni kushoto, Stoo." Dada alikaa kwenye kiti chake nje ya chumba cha Breki, akiwasalimia wapita njia na kuwaeleza sababu, kila mmoja, tangu mwanzo.

Hiyo ndiyo hadithi. Yaliyofuata ni haya.

Stoo hakurudishwa kazini. Alikaa bila kazi mpaka mvua zilipokwisha, wakila cha cherehani. Sasa anauza misumari na rangi kwenye duka la mtu, kwa mshahara mdogo kuliko wa kwanza. Meneja alimwita Breki, akampa kazi ya kutunza ghala. Aliifanya kwa muda, akaona kukaa ndani kunamchosha, akarudi barabarani. Alimsamehe Stoo, siku yenyewe hakuna aliyeniambia, nadhani haikuwa siku moja. Kanisani wanakaa benchi moja. Hawaongei sana. Yule mhubiri mgeni hajarudi tena, wala hajui lolote. Dada yangu alimpigia simu wifi yake, wakazungumza, wakagombana, wakazungumza tena. Mimi nilikaa kwao kidogo, kisha nikaendelea na safari. Mpwa wangu alijifungua mtoto wa kike mwaka uliofuata, na nimesikia kwamba ameanza kutembea.